Matone Arobaini kwenye Maziwa

Mogaka aliheshimiwa zaidi chini ya ardhi kuliko juu yake. Juu, pale Suna mjini Migori, alikuwa mpangaji wa chumba kimoja tu, Mkisii aliyefuata riziki kwa Wajaluo, mume wa yule Orpah anayeuza ndizi sokoni. Lakini chini, kwenye mashimo ya dhahabu ya upande wa Nyatike, hakuna mchimbaji aliyethubutu kushika sururu kabla Mogaka hajasema neno. Kazi yake ilikuwa nguzo. Ndiye aliyechagua magogo, akayakata kwa kipimo, akayateremsha kwa kamba na kuyagongomea mpaka dari ya shimo ikatulia. Akiipiga nguzo kwa kiganja na kutega sikio, alijua kama itabeba au italala. Kwa miaka minane hakufukiwa mtu hata mmoja katika shimo alilolisimamisha yeye, na kwa machimbo yale hilo si jambo dogo.

Nguzo zile zilikaa kwenye unyevu na giza, zikaota manyoya laini ya kijani. Wachimbaji walikuwa na desturi yao. Ukichomwa na kibanzi cha nguzo, unang'oa manyoya kwenye nguzo ileile iliyokuchoma, unayakandamiza kwenye jeraha, unafunga kitambaa, unaendelea na kazi. Damu ilikatika upesi, hilo ni kweli, na Mogaka mwenyewe ndiye aliyewafundisha wengi. Kwa hiyo Februari ya mwaka 1997, kibanzi kilipomwingia kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, alifanya kama siku zote, akasahau.

Baada ya wiki tatu kidole kikatoa uvimbe mdogo mgumu, ukapasuka ukawa kidonda. Ukaja mwingine mgongoni mwa kiganja, mwingine kwenye kifundo cha mkono, mwingine juu ya huo, vidonda vyote vimejipanga mstari mmoja vikipanda mkono kama vifungo vya shati. Makovu yake anayo mpaka leo. Havikumuuma sana, na hilo ndilo lililomchelewesha. Alimeza vidonge vya rangi mbili alivyouziwa dukani, akapaka majani yaliyosagwa, akaosha kwa maji ya chumvi, na vidonda vikaendelea na safari yake kana kwamba hakuna aliyevigusa wala kuvisemesha.

Sasa, mwaka ule Migori nzima ilikuwa na jicho la kupima watu. Mtu akikonda, akikohoa, akitokwa na kipele shavuni, majirani wamekwisha kumzika kwa midomo. Ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina lake. Wajaluo walisema ayaki, wengine wakasema "ile kitu", na wengine walinyamaza tu wakatazamana. Kila wiki kulikuwa na matanga mahali, kwa hiyo siwalaumu kwa kuogopa. Ninachowalaumu ni ile raha waliyoipata kwa kuwa wa kwanza kujua.

Mwenye nyumba alikuwa Caleb, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista walikosali Mogaka na mkewe. Alimsimamisha uani asubuhi moja.

"Mogaka, hiyo mkono yako iko na nini? Sisemi kitu. Nauliza tu."

"Ni jeraha ya kazi, mzee."

"Sawa, omera, ndugu yangu. Lakini hiyo kamba ya nguo, uachie watu. Nyinyi mtafute yenu. Nasema tu."

Machimboni nako wenzake wakaanza kuogopa kupokea kamba iliyotoka mikononi mwake. Hakuna aliyemfukuza. Walimwambia apumzike, mkono ukipoa arudi. Mtu aliyezoea kushikilia mlima kwa magogo akabaki ameketi kitandani Suna, akihesabu mabati ya paa.

Orpah ndiye aliyesema waende Homa Bay. Migori kila daktari alikuwa na binamu jirani, na Mogaka alitaka mtu asiyemjua kabisa. Pembeni mwa mji wa Homa Bay palikuwa na kliniki ndogo ya misheni, na humo alikuwamo tabibu mmoja, Phelesia, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliushika ule mkono bila glavu, akaugeuza huku na huku, akafuata mstari wa vidonda kwa ncha ya kalamu.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Nguzo za mgodi."

Phelesia akainua macho. "Na mkichomwa na mbao, mnaweka nini?"

Mogaka akamweleza habari ya manyoya. Alieleza kwa fahari kidogo, maana ilikuwa elimu yake. Tabibu akavua miwani.

"Basi umejipanda mbegu mwenyewe. Hii ni fangasi. Inaishi kwa mbao iliyooza na kwa hayo manyoya. Inaingia na kibanzi, halafu inapanda polepole. Nimeisoma kwa kitabu, kuna wachimba migodi huko kusini waliugua hivi. Kwa macho yangu wewe ndiye wa kwanza."

"Kwa hiyo si ile kitu?"

"Ile kitu tutapima kwa damu, wewe na mama. Lakini hii mkono ina shida yake."

Mogaka alikumbuka wanaume wote aliowafunga manyoya yale kwa mikono yake, akaona haya hata akashindwa kumtazama mkewe. Phelesia alikuwa amekwisha kugeukia kabati. Dawa mpya ya fangasi ipo, alisema, inauzwa Nairobi, na kuinywa kwa miezi sita kungemaliza ng'ombe wote wa ukoo. Yeye hakuwa nayo na hangeipata. Akafunga kabati, kisha akasema iko nyingine ya zamani, ila si ya fangasi.

"Ni chumvi ya iodini. Wazee wa dawa walikuwa wanatia kwa dawa ya kikohozi, ilegeze kifua. Halafu zamani sana mtu akaona inakausha hii vidonda. Na ajabu ni hii, ukiweka fangasi kwa chupa na uimwagie hiyo chumvi, haifi. Lakini ndani ya mtu inafanya kazi. Mpaka leo hakuna mwalimu amenieleza vizuri ni kwa nini."

"Na ikikataa?"

"Sina mashine ya kuthibitisha. Ukikauka, nimepatia. Usipokauka, tutafute ingine haraka, maana unaweza kupoteza hiyo mkono. Unaanza na matone tano kwa maziwa, mara tatu kwa siku. Kila siku unaongeza moja, mpaka ufike arobaini. Na kidonda kikifunga, usiache. Kunywa mwezi mwingine mzima. Umenisikia? Itakusumbua. Pua itatoka maji, uso utatoa vipele, hapa chini ya taya patavimba. Usiogope. Ni dawa hiyo."

Mogaka alikuwa amesikia neno moja tu, kupoteza mkono. Hayo mengine yalimpita.

Waliporudi Suna walikwenda kwa Mwanarusi, mwanamke wa Lamu aliyemfuata mumewe Migori akabaki na duka la dawa la ukoo wa mume. Aliisoma ile karatasi mara mbili, akapanda juu ya kigoda, akashusha chupa ya kahawia kutoka rafu ya juu kabisa.

"Hii ilikuwako tangu enzi za baba mkwe wangu, Mungu amrehemu," alisema, huku akipima chembe zake nyeupe kwenye mizani ndogo na kuziyeyusha kwenye maji. "Mimi nimeichanganya kwa vifua vya wazee, kaka yangu. Kwa mkono wa mtu sijapata. Haya, bismillahi, kunywa, na Mola atie shifaa."

Ladha yake ilikuwa ya msumari ulionyonywa. Hata maziwa ya ng'ombe wa kisasa hayakuificha. Orpah ndiye aliyehesabu matone, kidondoshi cha dawa mkononi, midomo ikimchezacheza kwa hesabu, na Mogaka akameza kwa mkupuo huku amefumba macho. Matone matano, sita, saba. Yalipofika kumi na tisa, kidonda cha kidole kikaanza kukauka pembeni. Orpah alikitazama asubuhi ile, akakimbilia mlango kuufunga kwanza, ndipo akaruka kwa furaha.

Majibu ya damu nayo yakaja. Wote wawili walikuwa salama. Wakaisoma karatasi ile mpaka ikachakaa, kisha wakaiweka chini ya godoro, kwa sababu hakuna pa kuionyesha. Ukionyesha karatasi umekiri kwamba ulikwenda kupimwa, na kwa Suna ya wakati ule aliyekwenda kupimwa alikuwa na sababu. Wengine wangesema ameinunua.

Matone yalipofika ishirini na sita, uso ukabadilika. Taya zikavimba pande zote mbili, macho yakawa na machozi asubuhi hadi jioni, pua ikachuruzika, vipele vikajaa mashavuni na shingoni. Hamu ya chakula ikamtoka, suruali ikaanza kumshuka. Mkono, uliofichwa ndani ya shati la mikono mirefu, ulikuwa ukipona. Uso, ambao kila mtu aliuona, ulikuwa uso wa mtu anayekufa. Akitoka chooni anakuta watoto wameitwa ndani. Mteja wa Orpah alichagua ndizi, akaziacha, akaenda kununua kwa jirani. Mogaka alijiona amefungiwa katika shimo lenye milango miwili: akiacha dawa anapoteza mkono, akiinywa anapoteza watu. Kwao Kisii shamba lilikuwa limekwisha kugawanywa, na ndugu zake wangemkaribisha kwa sura ile ili wapate kumchagulia mahali pa kaburi.

Kisha ikakaribia Sabato ya kumi na tatu ya robo ile ya mwaka, mwisho wa Juni. Kwa Waadventista hiyo ndiyo Sabato ya Meza ya Bwana, na kabla ya mkate waumini hutawadhana miguu, wanaume kwa wanaume, wanawake kwa wanawake, wawili wawili, huyu akipiga magoti mbele ya yule. Usipokuja, watu wanajiuliza una nini moyoni. Ukija na hakuna anayekubali muwe wawili, kila mtu ameona. Robo iliyotangulia Mogaka alisingizia homa. Mara hii hakuwa na homa ya kusingizia.

"Naacha dawa wiki mbili," alimwambia Orpah. "Uso utulie. Wanione mzima mara moja tu."

"Daktari alisema usiache."

"Daktari hakai hapa."

Orpah alimtazama, akaifunga chupa kifuniko, akaiweka juu ya sanduku.

Uso ukatulia kweli. Taya zikarudi, vipele vikafifia, na Suna, bila haya, ikaanza kumsalimia tena. "Mogaka, kumbe ilikuwa malaria!" Naye akaitikia kwamba ndiyo, malaria, mbaya sana. Nadhani hizo zilikuwa siku zake za furaha mwaka ule, na zilikuwa za uongo mtupu, kwa sababu ndani ya mkono wa shati ngozi mpya ilikuwa imeanza kuwa nyekundu na kujaa tena.

Sabato ilipofika, wanaume walikusanyika katika darasa lililo kando ya kanisa, mabeseni yamepangwa sakafuni. Mzee Caleb akasimama, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mimi nitakuwa na ndugu Mogaka." Alikuwa anafanya wema, na alitaka wema huo uonekane. Mogaka alikaribia kulia. Akapiga magoti, akatia mikono kwenye maji ya uvuguvugu, akaushika unyayo wa mzee kwa adabu, akaanza kuosha. Yale maji yakalainisha gamba la kidonda cha kifundo. Likafunguka. Uzi mwembamba wa usaha na damu ukateremka kutoka ndani ya shati, ukapita kwenye vidole, ukaingia katika maji na kutawanyika taratibu kuzunguka miguu ya Caleb.

Mzee hakuiondoa miguu kwa ghafla. Aliikatiza sala aliyokuwa akiinong'ona. Kisha akaitoa mguu mmoja baada ya mwingine, akaiweka juu ya saruji ikiwa imelowa, akakataa taulo.

"Enda nyumbani, ndugu," alisema.

Jumapili asubuhi Orpah alikuta lile beseni mlangoni. Kanisa lilikuwa limewaachia. Jioni yake Caleb akaja, akasimama mbali, akasema mwisho wa mwezi ujao chumba anakihitaji. Halafu ikaja habari kutoka Kisii. Kaka yake Orpah, Nyarangi, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amesikia yote, na Jumapili inayofuata angekuja kumchukua dada yake kabla hajachelewa.

Jumatatu Mogaka alirudi kwa Mwanarusi akiwa ameficha mkono mfukoni. Mwanarusi alitikisa kichwa, akapima chumvi upya. "Wewe kaka ni mkaidi. Rudi matone matano, uanze mwanzo. Na usinichezee tena."

Matano! Baada ya kupanda mpaka thelathini na tatu. Alipofika nyumbani alijitupa kitandani akalia, mwanaume mzima, uso ndani ya mto, na alipomaliza akasema jambo alilokuwa amelitafuna njia nzima.

"Nyarangi akija, nenda naye."

Orpah alikuwa anamenya ndizi za kupika. Aliendelea kumenya. Maganda yalidondoka moja moja ndani ya lile beseni la kanisa.

Mogaka alidhani kimya kile ni kukubali. Usiku, mchana, hakuwaza jambo jingine. Mkono angeweza kuishi bila huo, wapo wanaoishi hivyo. Chumba angepata kingine, hata kibanda. Lakini jioni pasipo na midomo ile ikihesabu matone, hapo hakuona njia. Hata hivyo hakumwomba abaki. Angemwomba abakie nini?

Alhamisi Orpah alirudi kutoka sokoni, akavua kitambaa cha kichwa, na Mogaka akamwona vizuri kwenye mwanga wa dirisha. Taya zake zilikuwa zimevimba. Macho yalikuwa mekundu, pua ilimchuruzika, na kwenye paji la uso vipele vilikuwa vimetokeza. Mogaka akasimama. Akaifikiria ile karatasi ya damu chini ya godoro. Labda Homa Bay walikosea. Labda majirani ndio walikuwa na haki muda wote huu.

"Nimekunywa dawa yako," Orpah alisema.

"Umefanya nini?"

"Tangu Jumatatu. Siku ya kwanza kumi, ya pili ishirini, halafu arobaini mara tatu. Nilitaka waone kwamba ni dawa inayofanya uso uwe hivi. Mimi sina kidonda hata kimoja."

Na alikuwa amekwenda kuwaonyesha. Mchana ule alikuwa amesimama bombani mbele ya wanawake wote, akakunja mikono ya blauzi mpaka mabegani, akawageuzia mikono yake safi, akawaeleza habari ya chumvi, ya kifua, ya fangasi na ya nguzo za mgodi. Walimsikiliza mpaka mwisho. Kisha Nyamoita, jirani wa chumba cha tatu, akavuta mtungi wake karibu na miguu yake.

"Pole, mama," alimwambia. "Sisi tulijua tu ingekufikia."

Mogaka aliposikia hayo alipandwa na hasira mpaka akaupiga ukuta kwa mkono mgonjwa. "Umejipaka matope bure! Ulikuwa umebakiza siku tatu utoke hapa msafi. Sasa habari imefika Kisii kabla ya jua kutua."

"Imefika," Orpah alikubali, akipangusa pua kwa leso.

Jumapili Nyarangi alikuja, amevaa koti la shule na amebeba sanduku tupu la kutilia nguo za dada yake. Orpah alimtangulia mlangoni, akamnyooshea mkono. Nyarangi aliutazama mkono, akautazama uso, akahamisha sanduku kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia. Aliletewa kiti, akakikalia ukingoni. Aliletewa chai, ikapoa.

"Shemeji, kunywa chai," Mogaka alisema.

"Nimeshakunywa njiani."

Akasema mvua imekuwa nyingi huko Kisii. Akasema mama yao hajambo, ila nyumba imejaa wajukuu wadogo, watoto wa kaka, watoto wa dada, hapana pa kukanyaga. Akasema ni vizuri wakasubiri kidogo, mambo yatazamwe, yeye ataandika barua. Hakumtazama dada yake tena. Alipoondoka alipita uani upesi, sanduku likigongagonga goti kwa wepesi wake, na Mogaka akabaki mlangoni akimwangalia mpaka akapotea nyuma ya kiosko.

"Umeona?" alisema bila kugeuka. "Sasa hata kwenu hawakutaki. Umeona ulichofanya?"

Orpah alikuwa ameketi kitandani, chupa ya dawa mapajani. Taya zilizovimba zilimfanya atafute maneno taratibu.

"Wewe ulidhani kweli nilikwenda bombani kuwafundisha wale wanawake?" alisema. "Nimekaa Suna miaka sita. Nilijua watasema nini. Nilitaka waseme haraka, Nyarangi asikie kabla hajapanda gari, na akifika aone kwa macho yake."

Mogaka aligeuka. Akauacha mlango, akaketi kando yake.

Orpah akavuta kikombe, akamimina maziwa, akainamisha kidondoshi juu yake, midomo ikianza kuchezacheza. Alihesabu hadi kumi na moja, maana hiyo ilikuwa siku ya saba tangu aanze upya. Akakoroga, akamnyooshea.

"Kunywa," alisema. "Mimi nimemaliza yangu."